Gari lililochemsha usiku tu: kisa cha ethi iliyofunikwa na rangi

Gari na mwenye gari

Ni gari dogo la Kijapani la katikati ya miaka ya 1990, la petroli, injini ya sisi (cc) 1500. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi Dodoma mjini na kulima alizeti upande wa Kondoa. Aina ya gari, gereji na majina yote nimeyaacha nje.

Safari zake hazibadiliki. Anatoka alfajiri, anashinda shambani, anarudi giza likiwa limeshaingia. Shida ilianza katika kipupwe, miezi ya saba na ya nane, upepo wa Dodoma unapotoboa sweta na hakuna injini yenye sababu ya kuteseka kwa joto. Maneno aliyoniambia ni haya: "Fundi, gari inachemsha, lakini usiku tu. Mchana wa jua kali mshale wa joto umetulia. Nikianza kurudi, haujafika mbali, unapanda."

Kuna mambo mawili ya nyuma ambayo hakuyahesabu kuwa sehemu ya shida. Gari lilikuwa limegongwa mbele kushoto, madigadi ikanyooshwa, ikapigwa pati (lipu ya kusawazisha bati) na rangi mpya. Baada ya hapo gia boksi ilishushwa kubadilisha klachi. Kazi zote mbili zilionekana nzuri, na rangi hasa ilikuwa safi sana.

Yaliyofanyika kabla gari halijanifikia

Fundi rejeta alilizibua rejeta na kuliosha. Mshale ukaendelea kupanda usiku. Mfuniko wa rejeta ukabadilishwa, na hilo halikuwa wazo baya: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huku karibu na nyuzi 96, kwa hiyo mfuniko uliochoka unaumiza mapema kuliko Dar es Salaam. Mshale ukaendelea vilevile.

Fundi wa pili alitoa themostati, kizibo kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na kuitupa. Wengi hufanya hivyo kwetu, kwa imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati. Kisha akaunga feni ya rejeta dairekti, kwamba ukiwasha swichi tu feni inazunguka bila kungoja joto. Kuanzia siku hiyo mshale ukawa juu kidogo hata mchana.

Kwa mwalimu, na kwa fundi pia, huo ulikuwa ushahidi kwamba injini inazidi kuharibika. Fundi umeme aliyeitwa alipima betri, akakuta volti 14 injini ikiwa inaunguruma, akapima waya wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) kwa mlio wa mita, ule unaolia njia ya umeme isipokatika, mita ikalia, akasema umeme uko sawa. Waya wa eksileta nao ulibadilishwa katika kipindi hichohicho kwa sababu pedali ilikuwa imekuwa nzito; ulipotolewa, plastiki yake ya ndani ilionekana imeyeyuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Neno la mwisho lilikuwa hedi, yaani kichwa cha injini: ifunguliwe, ipelekwe kuchongwa, iwekwe gasketi mpya. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta fedha. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia alete gari kwangu kwanza.

Swali la kwanza: je, injini ni ya moto kweli?

Sikuanza na waya. Mtu akisema gari linachemsha, jambo la kwanza ni kupima joto lenyewe, kwa sababu ukikosea hapa unaweza kuua injini ya mtu huku ukijiona mjanja. Nilikagua maji: yamejaa, hayana mafuta, hayatoi mapovu injini ikipigwa resi. Mipira ya rejeta ilikuwa laini, haikukakamaa kwa shinikizo. Dalili za gasketi iliyoungua hazikuwepo.

Kisha nikabandika kipande cha teipu nyeusi kwenye mlango wa maji unaotoka kwenye injini na kukielekezea kipima joto cha mwale, kinachopima bila kugusa. Teipu ni muhimu. Alumini inayong'aa hukidanganya kipimo hicho, kikasoma joto dogo kuliko lililopo. Injini ilikuwa imeshapata moto wa kutosha na kipimo kilisoma nyuzi 68. Hiyo ni injini ya baridi kuliko inavyotakiwa, jambo la kutarajiwa kwa gari lisilo na themostati na feni isiyopumzika. Lakini mshale wa joto ulikuwa katikati, mahali ambapo injini yenye nyuzi 85 au 90 ndiyo ingekaa.

Nikamwomba mwalimu awashe taa kubwa. Mshale uliruka hadi robo tatu papo hapo, kabla hajaondoa mkono kwenye swichi. Akazima, ukarudi. Kipimo cha mwale kilibaki 68.

Lita kadhaa za maji haziwezi kupata moto ndani ya sekunde moja na kupoa ndani ya sekunde nyingine. Kuanzia hapo injini ilitoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikamwomba awashe indiketa: mshale wa joto ukawa unatikisika kwa mapigo ya indiketa. Mshale wa mafuta, ulio jirani yake kwenye dashibodi hiyohiyo, haukutikisika hata kidogo. Mshale huo uliotulia ulinisaidia sawa na ule uliokuwa ukicheza.

Kwa nini taa ziinue mshale wa joto

Hapa inabidi kueleza njia za umeme kwenye gari la umri huu. Umeme unatoka betri kwenye chanya, unapita fyuzi, swichi na waya hadi kwenye taa, kisha unarudi betri. Kurudi hauna waya wake wote. Unapita kwenye bodi ya gari. Hiyo ndiyo ethi. Waya wa hasi wa betri unagawanyika mara mbili: mnene unaenda kwenye injini kwa ajili ya stata inayowasha injini na alteneta inayochaji betri, mwembamba unafungwa kwenye bodi ya ndani ya madigadi. Aghalabu kuna na waya wa tatu wa kusuka, unaounganisha injini na ukuta unaoitenga na kabini.

Taa, feni, pampu ya mafuta, vioo, redio, vyote vinarudisha umeme wao kupitia bodi. Njia ya kutoka kwenye bodi kwenda betri ikibana, umeme hurundikana kama watazamaji wanaotoka Uwanja wa Jamhuri kwa mlango mmoja, na bodi nzima huinuka juu ya hasi ya betri kwa nusu volti, volti moja, hata mbili.

Sasa tazama mshale wa joto. Geji yenyewe, yaani kipimo chenye mshale, iko kwenye dashibodi na ethi yake ni bodi. Sensa yake, kipande kinachohisi joto la maji, imefungwa kwenye injini na ethi yake ni injini, ambayo waya wake mnene ni mzima. Sensa hupunguza ukinzani (uzuiaji wa umeme) kadiri maji yanavyopata moto, umeme mwingi zaidi ukapita, mshale ukapanda. Bodi ikiinuka juu ya injini, geji huona umeme umeongezeka upande wa sensa, na kwayo hiyo ni sawa na joto. Mshale wa mafuta haushtuki kwa sababu sensa ya tangi inatumia bodi ileile inayotumiwa na geji. Vikiinuka, vinainuka pamoja.

Ndiyo maana ilikuwa usiku. Usiku ndipo taa zinawashwa. Taa kubwa mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9, ukiongeza taa za nyuma, za namba na za dashibodi unafika 12 hivi. Na ndiyo maana feni ya dairekti ilileta ugonjwa hadi mchana: fundi alidhani anapoza injini, kumbe anaongeza mzigo kwenye ethi iliyobana.

Kuthibitisha, kisha kufuatilia

Kabla ya kufungua boliti hata moja nilichukua waya wa kubusti, ule mnene wa kuazimia umeme wa betri ya gari jingine, nikaubana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye boliti tupu isiyo na rangi juu ya shokapu. Taa zilikuwa zimewashwa. Mshale ulishuka hadi robo na mwanga ukutani ukawa mweupe. Mwalimu alishuka kwenye gari kuja kuangalia. Nilimwonyesha mara ya pili na ya tatu, kuondoa na kurudisha, kwa sababu mtu aliyeambiwa hedi imekufa ana haki ya kuona kwa macho yake.

Baada ya hapo mita, kwenye volti, si kwenye mlio. Ncha moja kwenye hasi ya betri, kwenye nguzo yenyewe ya risasi ya betri na si kwenye kichwa cha waya; ncha nyingine kwenye bodi. Injini ikiwaka na feni ya dairekti ikizunguka: volti 0.7. Ukiwasha taa: 1.4. Ukiongeza feni ya kabini hadi mwisho: 2.1. Njia nzuri ya ethi ingebaki chini ya 0.1 au 0.2 kwa mzigo huo.

Kosa likishajulikana liko kati ya nukta mbili, unaligawa. Taa zikiwa zimewashwa nilipima kutoka nguzo ya betri hadi kichwa cha waya: karibu sifuri. Kutoka kichwa hadi mwisho wa waya mwembamba, pale kwenye pete yake ya boliti: kama 0.1. Kutoka kwenye pete hadi kwenye chuma kitupu cha bodi, umbali usiozidi upana wa kidole: zaidi ya 1.2. Volti karibu zote zilikuwa zinapotelea hapo.

Nilipofungua boliti, chini ya pete kulikuwa na rangi, na chini ya rangi pati. Fundi bodi alinyoosha, akapaka, akarudisha boliti juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti tu, nazo zilikuwa na kutu. Upande wa pili, tundu la waya wa kusuka wa ukuta wa injini lilikuwepo, boliti yake ipo, waya haupo. Ulitolewa gia boksi iliposhushwa na haukurudi.

Waya mmoja ukikosekana gari hili lingevumilia miaka. Kukosekana kwa huo na kubana kwa ule mwingine kuliufanya umeme utafute njia yoyote kati ya bodi na injini, na waya wa eksileta ni chuma kinachounganisha vyote viwili. Plastiki iliyoyeyuka ilipata maelezo yake.

Maamuzi ya matengenezo

Njia ya haraka ilikuwa kufunga waya mpya mnene kutoka betri hadi popote kwenye bodi na kumaliza. Ingefanya kazi. Sikuifuata kwa sababu waya wa nyongeza usioeleweka ndio kitu cha kwanza fundi anayefuata atakachokitoa. Nilirudisha sehemu za asili: nikakwangua rangi na pati kwa msasa hadi chuma cheupe, nikasafisha nyuzi za boliti, nikaweka washa ya meno inayouma chuma, nikabana pete mpya kwa koleo lake, nikakaza. Rangi na grisi zilipakwa juu baada ya kukaza, si kabla. Kwa ukuta wa injini nilitengeneza waya wa milimita za mraba 16 wenye pete pande zote mbili na kuuacha na ulegevu kidogo, maana injini inatikisika na waya uliovutwa hukatika.

Uamuzi mgumu kidogo ulikuwa wa feni. Mwalimu alitaka ibaki dairekti, "kwa usalama." Nilimwonyesha waya wenyewe: ulitoka moja kwa moja kwenye chanya bila fyuzi na kupita juu ya ukingo mkali wa bati, gamba limeshaanza kuchubuka. Kwa hali hiyo nilikuwa nimemwomba asiendeshe gari hadi nimalize, na sababu ilikuwa waya huo, wala si joto. Ethi mbovu ilimsumbua na kumtoa fedha. Waya ule, siku gamba lingeisha, ungewasha moto. Ulitolewa wote, feni ikarudi kwenye swichi yake ya joto, na themostati mpya ya nyuzi 82 ikafungwa.

Matokeo

Bodi na hasi ya betri, kila kitu kikiwa kimewashwa: volti 0.06. Joto la maji likakaa kati ya 85 na 88, mshale chini kidogo ya katikati, taa ziwake zisiwake. Niliomba tusubiri saa moja usiku tukajaribu barabara ya Kondoa kwa taa kubwa, feni ya kabini na redio, nje ya mji ambako hakuna mwanga wa mitaa. Mshale haukusogea.

Faida nyingine zilijitokeza zenyewe. Volti kwenye plagi ya taa zilipanda kutoka 11.9 hadi juu ya 13. Mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, karibu theluthi ya mwanga imekwenda. Mwalimu alikuwa ameshasema macho yake yamechoka na safari za usiku. Vioo vilianza kupanda kwa kasi ya kawaida na mlio kwenye redio ukakoma.

Taa ya kulia ilibaki hafifu kuliko ya kushoto. Kioo chake kimepauka na utando wa ndani unaoakisi mwanga umechubuka. Hilo ni la kununua taa, naye ameliahirisha hadi avune.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kila fundi aliyelishika gari hili alijua kazi yake. Rejeta lilizibuliwa vizuri. Rangi ilikuwa nzuri. Klachi haijasumbua. Kilichoshindikana ni kwamba kila tengenezo lilijaribiwa mchana. Gereji zetu hufungwa jioni, fundi analizungusha gari kidogo saa nane mchana, mshale umetulia, anapokea fedha yake. Malalamiko yalikuwa na saa yake, na saa hiyo hakuna aliyeiheshimu. Hata gari likiwa gereji mchana, ilitosha kuuliza: usiku gari linafanya kitu gani ambacho mchana halifanyi? Swichi ya taa iko pale pale.

La pili ni mita. Fundi umeme hakuwa mzembe kupima betri na kupata 14. Betri na alteneta vyote viko upande wa injini, na upande huo ulikuwa mzima. Lakini mlio wa mita haufai kwa ethi. Mita hutuma umeme mdogo sana kupima, na hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utauleta mlio. Hapa ukinzani ulikuwa kama omu 0.06, mdogo kuliko wa waya za mita yenyewe, kwa hiyo hakuna namna mlio ungeuona. Ampea 24 zikipita kwenye omu 0.06 hiyohiyo, unapoteza volti 1.4. Ethi inapimwa kwa volti, mzigo ukiwa umewashwa. Sijui njia nyingine ninayoiamini.

Matengenezo ya kubahatisha nayo yaliacha madhara yake. Kutoa themostati kulipoza injini hadi 68, ikanywa mafuta zaidi. Feni dairekti ilizidisha dalili ileile iliyokusudiwa kuiondoa, kisha ongezeko hilo likatumika kuhalalisha kufungua hedi. Dalili ikizidi mara tu baada ya tengenezo, tengenezo lenyewe ndilo la kwanza kuchunguzwa.

Kuhusu mafundi bodi wa hapa kwetu, ninaomba kwa dhati: mkipaka sehemu ya injini, zibeni matundu ya boliti za ethi kwa teipu kabla ya rangi. Ni kazi ya dakika chache.

Mpaka wa kipimo hiki

Kuwasha taa na kutazama mshale kunafaa kwa magari ambayo geji inaunganishwa moja kwa moja na sensa yenye waya mmoja, yaani mengi ya miaka ya 1980 na 1990. Kwenye magari mapya sensa ina waya wake wa kurudi na mshale unaendeshwa na kompyuta, hivyo ethi mbovu itajionyesha kwa njia nyingine: taa za onyo kuwaka ovyo, gia kuruka, gari kuzima. Na kwa gari lolote, mshale ukiingia kwenye nyekundu ukiwa barabarani, simama na uzime kwanza. Boneti ikifunguliwa, usiguse mfuniko wa rejeta. Shika mpira wa juu kwa kitambaa. Ukiwa mgumu kama jiwe, injini ni ya moto kweli na huko mita haihusiki.